Aliyeyatunza Majina ya Serlung

Wasifu huu unasomwa leo, tarehe 6 Januari 2024, siku ya arobaini na tisa tangu kifo, nyumbani kwa marehemu, Serlung ya Juu. Jina lake mnalijua nyote, kwa hiyo halikuandikwa kwenye karatasi mlizoshika wala halitasomwa. Aliyekufa akiitwa hugeuka nyuma, na sisi tunataka aende mbele. Humu ataitwa marehemu, au mwana wa ndugu yangu, yatosha.

Wageni wetu wawili waliokaa karibu na mlango, ambao hatukuwaalika lakini wamefika, wapewe chai na wasogezewe jiko. Maneno yenyewe si mafupi.

Marehemu alizaliwa siku ya kumi na moja ya mwezi wa nne, mwaka wa Panya wa Mti, ambao kwa kalenda ya ofisini ni 1984, katika hema jeusi la baba yake pale Chemchemi ya Mbweha. Cheti chake kinasema alizaliwa Kijiji cha Umoja Namba Tatu. Mimi nilikuwepo. Kitovu nilikikata mimi, kwa kisu cha nyama nilichokichoma kwanza motoni, na mahali palikuwa Chemchemi ya Mbweha. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alifariki marehemu akiwa na miaka mitatu, na baba yake, mdogo wangu, alianguka na farasi kwenye barafu mwaka 1996, hakuamka. Nikamlea mimi shangazi yake. Sikuolewa, kwa sababu waliokuja kuniposa hakuna hata mmoja aliyejua kufunga mzigo juu ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, ukakaa.

Akiwa na miaka sita alipoteza ndama. Alirudi hemani analia, makamasi yamemganda mdomoni. Sikumpiga. Nilimwambia, "Haya, sikiliza. Anza Korongo la Mwanamke Aliyeketi. Hayupo, panda Jiwe la Ndama Watatu. Hayupo, zunguka Shingo ya Kunguru, teremka Pakaushiapo Matandiko." Nikamtajia mahali kumi na tatu. Akaenda akiyaimba kwa mpangilio, maana alijua akiruka moja ataruka na ndama. Alimkuta mahali pa saba. Aliporudi hakutaka hata kula, alitaka kujua kwa nini yale mengine sita hakuyahitaji. Nikamwambia hayo ni ya ndama mwingine.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1992, kwa mwalimu aliyewahi kuwa mtawa, ambaye alikuwa anamwaga unga wa shayiri juu ya ubao na kuandika herufi zetu kwa kidole. Mwanafunzi aliyepatia aliruhusiwa kuulamba unga. Marehemu alinenepa. Mwaka 1998 alikwenda shule ya bweni mjini wilayani, na mwaka 2006 alimaliza chuo cha ualimu katika mji mkuu wa jimbo, akiwa wa pili katika somo la lugha yetu. Likizo zote alirudi nyumbani akanikalisha mbele ya unga na mimi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mitano.

"Shangazi, kichwa chako kigumu kama jibini kavu."

"Jibini kavu hudumu miaka kumi bila kuoza. Fundisha."

Alifundisha. Haya ninayosoma nimeandika mwenyewe.

Kazi alianza Septemba 2006, mwalimu wa lugha ya Kitibeti katika shule ya kati ya wilaya, na aliifanya miaka kumi na mmoja. Wanafunzi wake wengine wako humu ndani, nawaona, wamekuwa na ndevu. Mwanzo alikuwa na vipindi kumi na vinane kwa wiki. Halafu kumi. Halafu vinne, na masomo mengine yote yakahamishwa kwenye lugha ya serikali. Mwaka 2017 alibakiwa na kipindi kimoja, Ijumaa alasiri, wakati watoto wanafunga mabegi. Hakugombana na mtu. Alirudisha ufunguo wa darasa, akanunua gari dogo la mizigo, akawa anazungusha makambi akiuza paneli za jua na betri.

Ndoa yake aliifunga tarehe 2 Agosti 2010 na Lumo Tso, aliyekuwa akiuza mtindi sokoni wilayani. Walivyojuana ni hivi. Marehemu alimuuliza, "Mtindi huu wa wapi?" Lumo Tso akamjibu, "Wa Bega la Kijani."

"Dada, Bega la Kijani mwezi huu hakuna jani hata moja. Mmeshahamia Mgongo wa Farasi. Unaniuzia mtindi wa mwezi uliopita?"

Lumo Tso akamtazama toka viatu mpaka kofia. "Mwalimu gani huyu anajua majani? Nenda kafundishe."

Alinunua ndoo nzima, na wiki iliyofuata ndoo nyingine, mpaka nikamwambia amlete huyo mwanamke, tumbo langu halimudu tena. Walipata mtoto mmoja, Metok Kyi, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili.

Sasa nifike kwenye majina, ndiyo yaliyowaleta wageni.

Wiki iliyopita Katibu Jigje wa kijiji, ambaye ni binamu yangu na nilimbeba mgongoni, alikuja kuniomba jambo. Alikaa pale alipo sasa hivi. Akasema, "Dada, huo wasifu uwe mfupi. Alizaliwa, akasoma, akafariki."

"Na katikati?"

"Katikati paache."

"Jigje, mtu hana katikati?"

"Dada, mimi nina watoto."

Namheshimu kwa sababu alisema kweli. Lakini mtu niliyemkata kitovu siwezi kumsoma mwanzo na mwisho kama yaki aliyechinjwa akabaki kichwa na mkia.

Majira ya baridi ya mwaka 2018, mke wa jirani yetu wa Mgongo wa Farasi alikwama uzazi. Mumewe alipiga simu, gari la wagonjwa likatoka. Dereva alikuwa na ramani ya simu. Mume anasema Mgongo wa Farasi, dereva anatafuta, hapaoni. Ramani ilikuwa na jina jingine, lililowekwa na watu waliokaa mbali, na mume hakuwahi kulisikia maishani mwake. Gari lilizunguka kwa muda wa saa tano. Marehemu ndiye aliyelikuta barabarani akiwa na paneli zake, akaliongoza. Walifika, mama na mtoto wameshakuwa baridi. Siku ile alikuja kwangu, akakaa, chai ikamgandia mbele.

Akasema, "Shangazi, nitajie majina ya mahali pote pa Serlung."

Nikamwambia, "Mahali ni mahali. Nitaje nini?" Na kweli, nilikaa hapo nikapata matano, yakaniishia.

Akafikiri. Halafu akaniambia, "Shangazi, yaki wetu mweupe amepotea. Nimtafute wapi?"

Mfugaji haulizwi majina. Muulize alikopotea mnyama, hapo miguu yenyewe inakumbuka. Maji hayajachemka nilikuwa nimeshataja mahali arobaini na moja, na nilikuwa bado upande mmoja wa mto.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi yake toka siku hiyo. Alikuwa akiuza betri, anamwuliza mzee wa kambi kuhusu yaki aliyepotea, anaandika. Anakwenda mwenyewe mpaka pale korongoni, anapiga picha. Kisha anaweka picha mtandaoni, na juu yake sauti ya mwanamke mmoja anayetaja jina la pale na kusema kwa nini paliitwa hivyo. Sauti ilikuwa moja katika zote, ili mtu akiizoea asiichoke. Alihakikisha hakuna jina la mtu hai linalosikika. Alikata hata kikohozi. Video ya kwanza ilitazamwa na watu kumi na mmoja, na saba kati yao walikuwa shemeji zake.

Halafu watu wa mabonde mengine wakaona. Mtu wa mbali huko, mwendo wa siku nne, aliandika: "Yaki wangu amepotea Serlung, nimtafute wapi?" Marehemu akamjibu kwa majina. Yule naye akaulizwa na mwingine kuhusu bonde lake, akajibu. Ikawa ndiyo salamu yao. Wanafunzi waliokuwa miji mikubwa, ambao hawajamkamua yaki hata mmoja, waliulizana yaki amepotea wapi, kisha wanapiga simu kwa bibi zao ili wapate jibu. Mpaka mwanzo wa mwaka jana, majina ya Serlung peke yake yalifika mia nne na kumi na mawili, na mabonde yaliyofuata mtindo huo yalikuwa zaidi ya sitini. Lumo Tso alimwambia, "Umekuwa mwalimu mkubwa kuliko ulipokuwa na darasa." Akajibu, "Darasani walikuwa wanafunga mabegi."

Mwezi wa tatu mwaka 2023 maneno hayo yalianza kufutika. Mtu akiandika yaki amepotea, hayaendi. Jirani yetu Dukar, ambaye yaki wake alikuwa amepotea kweli, alijaribu siku tatu kuwaomba watu wamsaidie kutafuta.

"Naandika, inakataa," alimlalamikia marehemu. "Niseme nini sasa?"

"Sema kondoo."

"Nitaletewa kondoo."

Walicheka. Mimi nilikuwa nakanda siagi nikaona kicheko cha mwana wa ndugu yangu hakifiki machoni. Wiki hiyohiyo kamera iliwekwa kwenye nguzo mbele ya nyumba hii. Tarehe 14 Aprili alipigiwa simu aende ofisini wilayani, alete simu na kompyuta. Alivaa koti lake jipya. Aliniambia mlangoni, "Shangazi, usichinje chochote, narudi kesho."

Tuliyoyajua kwa ukamilifu baadaye ni haya, na alitusimulia mwenyewe. Walimwuliza jambo moja tu, siku ya kwanza na siku zote. Walisema wewe ulikuwa mwalimu, unajua kusoma, makosa yako tunayaelewa. Tuambie mwenye sauti ni nani, tumlete naye aeleze nani alimfundisha maneno hayo, kisha wewe nenda nyumbani. Marehemu akawajibu kwamba mwenye sauti ni marehemu, na kwetu jina la marehemu halitajwi. Aliyemhoji alikuwa mtu wetu, mtoto wa wafugaji, alilijua katazo hilo tangu utotoni. Akamwita mkubwa wake.

Habari ya jibu lake ikafika kijijini siku ya tatu. Na hapa nataka niwashukuru majirani wa Serlung, maana hakuna aliyeitisha kikao. Kila mtu alikaa akafikiri peke yake, na kesho yake asubuhi nilipotoka kwenda mtoni, Dukar alinisalimu kama kawaida ila jina langu hakulitaja. Wala mkewe. Wala watoto. Tangu Aprili mpaka leo hakuna kinywa cha Serlung kilichotamka jina langu. Nilipita katikati ya watu mchana kweupe kama maiti niliyekwishachukuliwa na tai. Mimi, ambaye nikiitwa ng'ambo ya mto nilikuwa naitika mpaka farasi wanashtuka.

Alikuwa amekata majina yote ya watu, lakini la mbwa lilimponyoka. Hilo kosa ni letu sote, nani humu angefikiria mbwa. Katika video ya Kisima cha Shingo, sauti inataja kisima, halafu nyuma yake kidogo, inamkaripia mbwa: "Domtuk, toka huko." Waliisikia mwezi wa sita. Wakaja watu wawili kwa gari jeupe. Walipita kambi kwa kambi, mlango kwa mlango, hawaulizi kitu, wanaita tu, kwa sauti nzuri, kama watu wenye mfupa mkononi: "Domtuk. Domtuk." Mbwa wengi walibweka. Walikuwa wanamtafuta atakayetingisha mkia.

Walifika kwangu saa nne asubuhi. Domtuk alikuwa amelala penye jua, hatua tatu kutoka kwenye viatu vyao. Ana miaka kumi na minne na amekuwa kiziwi tangu mwaka juzi. Waliita mara tano. Hakuinua hata sikio. Mmoja wao akaniuliza, "Bibi, huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia, "Mbwa."

Wakaandika, wakaenda. Nilitaka kuwafuata niwaambie mimi ndiye, mwachieni mtoto. Nilishafika barabarani. Lumo Tso alinishika mkanda kwa nyuma. Alikuwa ametumiwa neno na mumewe kupitia kwa aliyekuwa akipeleka nguo, neno moja tu: "Mwambie marehemu wetu akae kimya. Akiongea, mimi nimekaa huku bure." Nikarudi. Sijawahi kutii mtu katika maisha yangu, nilimtii yeye.

Walimwachia tarehe 2 Septemba. Aliteremka kwenye gari la watu akiwa ameshika nguzo ya kamera asianguke. Koti lake jipya lilikuwa limemzidi upana. Mkojo wake ulikuwa mwekundu na miguu imejaa maji. Madaktari wa mjini walisema figo, na kwamba kaletwa amechelewa. Hatukuwajibu, wao hawakuwa wamemchelewesha. Akaunti yake ilikuwa imefutwa, na zile video mia nne na kumi na mbili zote. Kompyuta haikurudi. Aliniuliza jambo moja siku ile. "Domtuk yupo?" Nikamwonyesha. Akamkuna masikio yale yasiyosikia, akacheka, na safari hii kicheko kilifika machoni.

Aliugua wiki kumi na moja. Watawa walisoma, Lumo Tso alimgeuza na kumwosha, Metok Kyi alimsomea masomo yake. Akizidiwa na maumivu aliniambia, "Shangazi, yaki wetu mweupe amepotea." Nami nilianzia Korongo la Mwanamke Aliyeketi, nikaenda taratibu, kambi kwa kambi, mpaka usingizi umchukue. Mara moja niliruka Jiwe la Ndama Watatu kumjaribu. Akafumbua jicho moja. "Ndama wamekwenda wapi?"

Siku mbili kabla ya kufariki alinishika mkono. Akaniambia, "Endelea kuwa umekufa kidogo, Shangazi. Mpaka nivuke."

Nikamwambia, "Nitaendelea."

Alifariki tarehe 19 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi kama alivyotaka, akitazama mlima mtakatifu ambao nikiwa nauona siutaji kwa jina. Siku ya tatu tulimpandisha mahali pa tai, mwili tukawaachia ndege hao kama ilivyo desturi yetu. Walishuka mapema, wengi, hawakubakiza. Aliyewahi kuona anajua hiyo ni heri.

Tarehe 20 Desemba tangazo lilibandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji. Katibu Jigje alinisomea mwenyewe. Linasema majina mapya ya mahali pote pa Serlung yatasajiliwa mwisho wa mwezi huu wa Januari na mawe ya kilomita yatachongwa. Linasema imethibitika kwa uchunguzi kwamba hakuna mtu aliye hai anayeyatumia yale ya zamani, kwa kuwa aliyeyajua ni marehemu. Kama yupo mtu, afike na jina lake.

Nililisikiliza mara mbili. Uongo aliousema mwana wa ndugu yangu ili kunikinga mimi, wameuchukua wakauweka kwenye ukuta, sasa unayafukia majina. Amelala karibu miezi mitano kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yangu na kwa ajili ya hayo majina, na nikikaa kimya ninabaki mimi, majina yanakwenda. Bibi wa miaka sabini na sita abaki wa nini.

Lakini nilikuwa nimempa neno langu, mpaka avuke. Leo ni siku ya arobaini na tisa. Asubuhi watawa wamefunga kitabu. Amevuka. Hawezi kuitwa ofisini tena, hawezi kushikwa, na lolote nitakalolisema halimrudishi nyuma.

Marehemu ameacha mke, Lumo Tso, na binti, Metok Kyi. Hao hawakujua ninachokisoma sasa, ukurasa huu niliuandika peke yangu na kuuweka kifuani, kwenye karatasi mlizonazo haumo. Wageni waandike hivyo. Ameacha mbwa kiziwi, Domtuk. Ameacha shangazi mmoja, Yungdrung Kyi, aliyezaliwa Mgongo wa Farasi mwaka wa Nguruwe wa Moto, mwenye sauti.

Ndugu zangu, msiinamishe vichwa. Miezi tisa ya kufa inanitosha. Dukar, nikipita kesho niite kwa jina langu. Jigje, mpokee huyo mgeni kikombe, chai itamwagikia karatasi yake, na nataka aandike yote.

Yaki wetu mweupe amepotea. Tumtafute Korongo la Mwanamke Aliyeketi. Hayupo, tupande Jiwe la Ndama Watatu. Hayupo, tuzunguke Shingo ya Kunguru, tuteremke Pakaushiapo Matandiko, tuvuke Kisima cha Shingo, tupite Chemchemi ya Mbweha alipozaliwa. Hayo ni sita. Yamebaki mia nne na sita na gari lenu ninaliona liko nje, lakini siondoki hapa mpaka niyamalize, na nikichoka Metok Kyi anajua panapofuata.

Aende salama, asigeuke. Njia zote anazijua kwa majina.